Uso Nilioupandisha Melini

Serikali ya Mwingereza ilipokuwa ikitafuta mahali pa kulaza meli zake mbili mpya za doria, baraza moja la kuzungumzia meli hizo lilifanyika Newala. Ndiyo, Newala! Mji uliokaa juu ukingoni mwa mlima, ambako wanawake huamka alfajiri kushuka bondeni kuchota maji na kurudi jua limeshachoma, ambako mgeni akiomba maji ya kunywa hutazamwa kwanza usoni. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Sisi na meli wapi na wapi?

Hadi leo nikikisimulia kisa hiki watu hudhani nawatania mwanzoni, kisha wananiomba ninyamaze. Sinyamazi. Mimi ndiye niliyeharibu, na sina wa kumsukumia lawama.

Nilikuwa seremala. Kazi nilifunzwa na wamisheni huko Masasi: milango, madawati, vitanda, majeneza. Nilipanga chumba Newala karibu na boma kwa kuwa boma ndilo lililokuwa likinipa kazi, lakini kwetu ni Kitangari. Nilikuwa na kiburi cha randa yangu, na mdomo wangu ulikuwa hauna mlango. Ukiniambia jambo fulani halifanywi, hapo ndipo mikono inapoanza kuniwasha.

Mama aliyenizaa alifariki nikiwa bado nanyonya. Akanichukua dada yake, Mama mkubwa, aliyekuwa na mwana mmoja tu, mkubwa kwangu kwa mvua mbili. Tulinyonya ziwa moja, tukalala mkeka mmoja, tukaingia jandoni pamoja. Kwangu mimi yule mama alikuwa Mama, basi, na yule mwanawe alikuwa kaka yangu. Sitaki mtu aniambie habari za binamu.

Kaka alishuka pwani kutafuta kazi wakati gati jipya la Mtwara linajengwa. Huko akakutana na watu waliokuwa wakiandikisha vijana wa kikosi kidogo cha majini, akaandikishwa, akapelekwa Mombasa. Hebu fikiria: mtu wa Kitangari, ambaye tangu azaliwe hajapata kusimama katika maji yaliyompita magoti! Barua zake nilimsomea Mama mimi. Kila barua aliniamuru niisome mara tatu, kisha akaikunja na kuitia katika kopo la biskuti. "Bahari haina adabu," kaka aliandika mara moja, "inakupiga kofi hata hujaiamkia." Mama alicheka siku nzima kwa maneno hayo.

Kisha barua zikakoma. Mwezi wa kwanza tukasema posta. Wa pili tukasema safari. Mzungu wa meli alipofika Newala, ulikuwa mwezi wa nne.

Alikuwa mtu mrefu, mpole, shingo nyekundu, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa. Alikuja kwetu kwa sababu wilaya yetu inashuka mpaka Ruvuma, na kazi mojawapo ya meli hizo ingekuwa kuangalia mdomo wa mto, magendo yasivuke kutoka upande wa Mreno. Alitaka kuwauliza wazee wanaoujua mto. Alinieleza kwa kirefu, maana alipenda kusemasema: Mikindani kuna kivuli kizuri cha upepo lakini mlango wake mwembamba, Mtwara kina kirefu na gati lipo, Lindi mchanga unajaa, ama sivyo meli zibaki Mombasa, ziwe zinakuja kuchungulia tu na kurudi.

Maneno hayo nilimpelekea Mama jinsi yalivyo. Alisikiliza moja tu.

"Zikilala Mtwara, mwanangu atalala wapi?"

"Hukohuko, Mama."

"Na kutoka Mtwara kuja hapa?"

"Lori likiondoka asubuhi, jioni yuko Newala. Kesho yake yuko hapa."

Kesho yake nilisikia ameanza kufagia nyumba ya kaka, iliyokuwa imefungwa tangu aondoke. Ndiyo maana nasema, wengine walikuwa wakijadili vina na magati. Kwa mama yule baraza lilikuwa na swali moja tu, kama mwanawe atarudi karibu au hatarudi.

Mzungu aliniagiza kazi. Alitaka meza kubwa itiwe mchanga, ipangwe pwani yote kutoka Lindi mpaka mdomo wa Ruvuma, bahari ipakwe rangi ya buluu, na juu yake meli mbili za mti, nyepesi, mzee aweze kuzisukuma kwa kidole na kuonyesha. Alinipa picha. Alinipa siku tano.

Hapo ndipo nilipoanza kukosea. Nilikuwa na mninga chumbani, lakini mninga ni mzito na unataka muda. Nikaenda kukata mti mwingine, mwororo, mweupe, unaochongeka kama muhogo. Kila mwanamume wa kwetu anaujua. Ndio mti wa kuchongea nyuso za ngoma.

Niseme wazi, maana si wote wanaojua. Kwetu kuna ngoma ambamo hutokea mtu aliyefunikwa nguo mwili mzima, hata kidole hakionekani, na kichwani amevaa uso wa mti. Huitwa lipiko. Wanawake na watoto huambiwa kwamba huyo ni maiti ametoka kaburini. Wanaume tuliopita jandoni tumekula kiapo kutosema vinginevyo. Mjomba wangu alikuwa mchongaji wa nyuso hizo, na katika nyumba yake sharti lilikuwa moja: usimchonge mtu unayemjua naye yu hai. "Ukimchonga," alikuwa akisema, "umeshamzika. Umebaki kumsubiri tu." Wamisheni waliniambia huo ni upuuzi. Na mimi, mwenye cheti cha useremala, nikaona wamisheni ndio wenye akili.

Meli zilipokaribia kwisha, Mzungu akapita kutazama. Akafurahi. "Weka na watu juu," akasema, "wazee wapate kuona ukubwa wake."

Nikachonga watu saba wa urefu wa kidole. Sita niliwaacha bila uso, vichwa vitupu. Wa saba nilikuwa nimemshika mkononi, alasiri, mlango wazi, nje ukungu umeanza kupanda kutoka bondeni, na kisu kikaanza kwenda chenyewe. Sijui niseme vipi. Sikukusudia. Kwanza likatoka sikio la kushoto lililopungua nyama, pale mbwa alipomng'ata kaka tulipokuwa wadogo. Kisha chale za mashavuni. Kisha ile midomo yake iliyokaa daima kama anataka kukucheka. Kichwa kizima hakikupita korosho, lakini alikuwa yeye. Nilifurahi, Mungu wangu, nilifurahi sana! Nilikuwa nimemkumbuka kuliko nilivyojua. Nikamwinua mbele ya macho yangu nikamwamkia kwa mzaha: "Habari za bahari?"

Nyumba ikanyamaza. Kuku walikuwa uani, jirani alikuwa akitwanga, na vyote vikawa kama vimesimama kusikiliza jibu. Nikajiambia, mjinga wewe, maliza kazi. Nikamsimamisha mbele kabisa kwenye sitaha ya meli ya kwanza.

Asubuhi nilimkuta ana maji. Wenzake sita wakavu, meli kavu, yeye tu anatona, na chini ya miguu yake kidimbwi cha ukubwa wa senti. Nikamfuta kwa kitambaa. Mti mbichi hutoa maji, kila seremala anajua. Ila wote saba nilikuwa nimewatoa katika kipande kimoja.

Nikapeleka kila kitu bomani. Siku mbili kabla ya baraza, tarishi akanijia juu: kwa nini naingia usiku kuchezea meli? Ati kila jioni meli zote mbili zinaachwa Mtwara, na kila asubuhi ile ya kwanza anaikuta mdomoni mwa Ruvuma, imeelekea huku kwetu. Nikamwambia achunge ulimi wake. Mzungu alisema si yeye. Karani akasema panya. Ikakubalika panya.

Wiki ile ukungu ulikuwa wa ajabu. Bonde lote lilijaa mpaka ukingoni, weupe mtupu, huoni mto wala mti. Siku ya baraza haukuondoka hata saa nne. Uliingia ndani kwa madirisha, ukatanda juu ya meza. Mzungu alicheka akasema, "Bahari imekuja yenyewe, hatuna haja ya kuhangaika na bandari." Wazee wakacheka kwa heshima. Mimi nilitazama yule mtu wangu mdogo amesimama sitahani, ukungu umemfika magotini.

Wazee walijadili vizuri kuliko nilivyotazamia. Mmoja wa kando ya mto alisogeza mchanga kwa mkono wake mwenyewe. "Mto huu hauna mlango mmoja," akasema. "Mwaka huu unatokea hapa, mwakani unatokea kule. Ukiweka meli yako mlangoni, utaamka mlango umehama." Mzungu aliandika kila neno.

Kisha wakaingia wanawake na maji ya kunywa ya wageni. Boma lilikuwa limeomba kila kijiji mitungi yake, na kutoka Kitangari mmoja wa wabebaji alikuwa Mama. Alipita nyuma ya watu, mtungi kichwani, akaja mpaka nilipokuwa nimesimama. Alininong'oneza bila kunitazama.

"Wamezilaza wapi?"

"Bado wanabishana, Mama. Lakini tazama, sasa hivi ziko Mtwara."

Nilinyoosha kidole. Mimi, kwa kidole changu hiki. Akainama kidogo, shingo imenyooka chini ya mtungi, akatazama.

Nilidhani atatabasamu. Nilikuwa namsubiri atabasamu! Alitazama kwa muda mrefu. Akashusha mtungi taratibu, wala tone halikumwagika, akauweka ukutani. Akafungua kitambaa cha kichwani, akakikunja, akakishika mkononi. Akatoka. Nikasema moyoni, ameona haya mbele ya wakubwa. Baraza likaendelea. Ilipita kama robo saa, ndipo tukasikia kutoka njia ya Kitangari, ndani ya ukungu, sauti ya mwanamke anayelilia maiti.

Nilikimbilia Kitangari, nikamkuta ameketi chini uani kwake, majirani wameshamnyoa nywele. Mjomba alikuwa kwenye kigogo nje ya mlango. Alikuwa ameshaambiwa, na hakuniitikia shikamoo yangu.

"Mama," nikasema, "nani amekuambia amekufa?"

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

"Leo." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. "Ulishindwa kuniambia kwa mdomo, ukaniambia kwa mkono. Sikulaumu, mwanangu. Umefanya vizuri. Umenionyesha wewe kabla sijaambiwa na wageni."

Nilipiga kelele. Nikaapa kwa Mungu na kwa marehemu mama yangu. Nikasema hakuna habari, hakuna barua, hakuna aliyesema lolote, ni mchezo wa mikono. Akanisikiliza, akauliza: "Ni mti gani ule?" Nikatazama mikono yangu. "Ni mti gani?"

Hapo nilibanwa. Ili kumwambia kwamba uso wa mti si uso wa maiti, ilibidi nitoe siri niliyoapa kufa nayo. Nilimtazama Mjomba. Alitazama pembeni. Basi nikasema, potelea mbali! Nikapiga magoti mbele yake nikasema kwa sauti, wanawake wote wakisikia: "Mama, lipiko si maiti. Ni mtu. Ni mti na nguo na mtu ndani. Mimi mwenyewe nimevaa. Kaka pia amevaa. Ulikuwa ukitukimbia sisi."

Hakuna aliyeshtuka. Mwanamke mmoja alikohoa. Mama akanipapasa kichwa kama mtoto mgonjwa.

"Najua, mwanangu. Nani asiyejua? Nyayo zako nilizijua tangu siku ya kwanza, unakanyagia kisigino. Tunakimbia kwa sababu ya mwenye uso. Aliye ndani ni wewe, ndiyo. Lakini mwenye uso hayupo."

Nikainuka, nikafuta vumbi magotini.

Nilimwendea Mzungu nikamweleza yote. Aliketi, akavua kofia, akawa mweupe. Alipeleka simu ya maandishi Mombasa siku ileile. Alikuwa mtu mwema, sitamsingizia. Akanirudishia yule mtu wa mti na kuniomba nimtoe mbele ya macho yake. Nilitaka kumchoma moto. Mjomba akanizuia, akasema huyo hachomwi, na kama nimeanza nimalize. Kwa kuwa maiti hakuwako wa kuzika, walimzika huyo nyuma ya nyumba, katika kaburi lisilozidi urefu wa mkono wangu, na mimi nikashika jembe. Mwalimu wa kanisa alikataa kuja. Alikuwa na haki. Lakini ningefanya nini, nimwache azikwe na wengine?

Jibu la simu lilichelewa. Lilikuja majuma matatu baadaye: yu hai, alikuwa hospitali. Nilipanda baiskeli nikakimbia Kitangari, jasho linanitoka, napiga kengele njia nzima kama mwendawazimu. Mama akasikiliza.

"Kaandika yeye?"

"Kaandika mkubwa wake."

"Ah."

Nikasema sawa, tungoje barua yake mwenyewe. Ikaja. Nikaifungua mbele yake na moyo ukanianguka: mwandiko haukuwa wake. Ilieleza kwamba ile miezi minne walikuwa safarini mbali na posta, kisha akavunjika mkono wa kulia, anaandikiwa na rafiki. Mama hakujua kusoma, lakini barua za mwanawe alikuwa amezitazama mara nyingi kuliko mimi. Aliigeuza, akaitazama juu na chini, akanirudishia. Hakuitia katika kopo.

"Mkono si wake," akasema. Kwa hilo alikuwa amesema kweli.

Arobaini ikafika. Jina la kaka likapewa mtoto mchanga wa ukoo, kama ilivyo desturi, ili lisipotee. Nilikuwepo, nikala wali wa watu. Na huko pwani wakubwa wakaamua: meli hazitalala Mtwara. Zitakaa Mombasa, zitakuja kwetu mara mojamoja. Mbishano wote ule, mchanga wote ule! Sikumpelekea Mama habari hizo, maana hakuniuliza tena.

Meli mpya ilipokuja Mtwara kwa mara ya kwanza kuonyeshwa kwa watu, kaka alikuwa ndani yake. Akapewa siku nane. Sikujua. Nilikuwa uani kwa Mama natengeneza mlango, jua la saa sita, kivuli kimeingia chini ya miguu, nikasikia watoto wanakimbia wakipiga mayowe. Nikainua macho. Anakuja njiani mtu amevaa nguo nyeupe tangu shingoni mpaka vifundoni, soksi nyeupe juu, kofia nyeupe, begi begani, sikio la kushoto limepungua. Lo! Miguu yangu ilitaka kuwafuata watoto. Nasema kweli. Mimi niliyesoma telegramu kwa macho yangu nilitaka kukimbia.

Alikuwa anacheka. "Vipi, nyinyi! Mnanikimbia mimi?" Akavuka ua, akasimama mbele ya Mama aliyekuwa akipepeta. "Shikamoo, Mama."

Mama aliweka ungo chini. Akamtazama kwa upendo, sijaona tena upendo wa namna ile. Hakuitikia. Akaingia ndani, akatoka na bakuli la unga mweupe, akainama, akaumwaga kidogokidogo mbele yake, juu ya vile viatu vyake vyeusi vinavyong'aa, akisema kwa sauti ya chini, kama tunavyosema na waliotangulia:

"Umekuja. Asante. Hatukukusahau. Jina lako lipo, linalelewa. Usituletee maradhi, mwanangu, lala salama."

Kaka alitazama unga miguuni. Akanitazama mimi. Kicheko kilikuwa bado hakijamtoka usoni, kimesahauliwa hapo.

"Anafanya nini?" akaniuliza.

Nikamwita kando nikamwambia yote, mpaka kaburi. Alikwenda kulitazama. Alisimama pale, kofia mkononi. Kisha akaniuliza nilimchonga lini. Nikahesabu. Akahesabu yeye pia, akaketi chini na suruali yake nyeupe.

Akanieleza kwamba juma lile kamba ilimzoa mguu, akaenda majini, akapigwa ubavuni mwa meli. Walimtoa hapumui. Mtu mmoja alikuwa ameshamfunika turubai. "Nilikuwa mahali peupe," akasema, "kama ukingoni Newala asubuhi. Sikuwa na hofu. Ila mtu alikuwa ananiuliza habari za bahari, nami kila nikitaka kumjibu mdomo unajaa maji."

Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote maneno yale niliyomwamkia yule wa mti. Wala yeye sikumwambia, nami nilikuwa mtu wa kusema kila kitu. Niliokota randa nikarudi kwenye mlango wangu, nikajikata.

Alikaa siku nne. Mama alimpikia kila alichokipenda, akakiweka mbali kidogo chini ya kawa, akaondoka. Hakula naye. Hakumgusa. Alimsikiliza hadithi zake zote akitabasamu, lakini hakumuuliza swali hata moja, kwa kuwa waliotangulia hawaulizwi. Watu walipita mbali na ua. Yule mtoto mchanga aliyepewa jina, mama yake alimfunga mgongoni akampeleka Tandahimba kwa ndugu zake mpaka mgeni aondoke. Usiseme walikuwa wajinga! Mimi nilijua yu hai, nililala naye chumba kimoja, na alfajiri nilikuwa nikiamka kusikiliza kama anapumua.

Siku ya mwisho alivaa zile nguo nyeupe, begi likawa tayari, akaja akapiga magoti mbele ya Mama.

"Mama, mimi si mzimu. Nina njaa, nina usingizi, mkono wangu unaniuma ikinyesha. Nishike. Mara moja tu, nishike mkono uone una joto."

Alinyoosha mkono. Nilimwona Mama mkono wake umeinuka kutoka mapajani, nusu ya njia. Kisha akaurudisha, akaukalia kabisa, kama mtu anayejizuia kuiba.

"Usinijaribu, mwanangu," akasema, na machozi yanamtoka. "Unadhani sitaki? Nikikushika sitakuachia. Na nisipokuachia utabaki huku unatangatanga, hupati pa kupumzika. Mimi ni mama yako. Nenda."

Akaenda. Nilimsindikiza mpaka lori. Alipokuwa ameshapanda aliniinamia akauliza, "Na wewe, unanishika?" Nikamshika kwa mikono miwili mbele ya abiria wote. Alikuwa na joto. Lakini hakurudi tena. Aliniandikia mimi, kila baada ya miezi, mambo ya kazi na hali ya hewa, na mwisho wa barua: msalimie Mama kama utaona inafaa. Sikuona inafaa hata mara moja.

Mama aliugua mvua mbili baadaye. Haukuwa ugonjwa mkubwa. Alikuwa kama mtu anayefunga mizigo yake. Nilikuwa nimehamia kwake, namnywesha uji, nambeba kumtoa nje aote jua. Nilijaribu tena, nikamwambia Mama, niruhusu nimwite, meli itakuja Mtwara mwezi ujao, atakuja akuone. Akanicheka.

"Aje tena kunifuata? Amenisubiri vya kutosha." Akavuta pumzi. "Wewe usinililie sana. Mimi naenda kwa mwanangu. Amekaa peke yake mno kule."

Alifariki adhuhuri, uso umetulia, umekaribia kufurahi. Na mwanawe alikuwa Mombasa, yu hai, anapaka rangi ubavu wa meli.

Nilikaa na karatasi mbele yangu siku tatu. Mwishowe niliandika mstari mmoja: Mama amefariki, hakuteseka. Sikumwandikia kwamba amekwenda kumtafuta.